Sura ya "Tabia za Makabila" ya Nigeria: tuwaandike vipi Wagbagyi?

Mhariri wa Kinondoni

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Nimepewa kazi ya kuhariri kijitabu cha Kiswahili kitakachotolewa kwa wauguzi, walimu na wahasibu kutoka Tanzania na Kenya wanaokwenda kufanya kazi Abuja kwa mikataba mifupi. Sura zinazohusu viza, kodi ya nyumba, usafiri na majira ya mvua hazina shida kubwa. Kinachonisumbua ni sura ya nne, ambayo mwandishi ameiita "Tabia za Makabila", na ambamo kila kabila alilolitaja limepewa mistari michache inayolieleza kana kwamba watu wake wote walizaliwa siku moja na tumbo moja.

Waigbo wameelezwa kuwa wanapenda fedha kuliko utu, Wayoruba kuwa ni watu wa sherehe na kelele, na Wahausa kuwa ni wapole wasioipenda shule. Hayo angalau nimewahi kuyasikia kupitia filamu za Nigeria zinazotafsiriwa na kuuzwa mitaani kwetu. Mistari iliyonishtua zaidi ni ya watu ambao mwandishi anawaita Wagwari. Anasema kwamba ndio wenyeji wa Abuja, kwamba hawajui Kihausa sawasawa, kwamba hubeba mizigo mabegani badala ya kichwani kwa sababu ya ukaidi, kwamba kazi wanazoziweza ni kuuza kuni na vibarua, na kwamba waliiachia serikali ardhi yao kwa kuwa hawakuijua thamani yake.

Nilipomuuliza alikoyapata, alinijibu kwamba aliishi huko na kwamba hivyo ndivyo watu wanavyosema. Simtilii shaka kwamba aliyasikia. Ninachotaka kujua ni mambo matatu. Kwanza, jina sahihi la watu hawa ni lipi? Pili, katika hayo yaliyosemwa, lipi ni desturi yao ya kweli na lipi ni kebehi iliyovikwa vazi la habari? Tatu, je, sura nzima ifutwe, au kuna namna ya kuiandika itakayomsaidia mgeni bila kumfundisha nani wa kumcheka kabla hajashuka kwenye ndege?

Mkazi wa Kubwa

Ndugu Mhariri, ninaishi Kubwa, upande wa kaskazini-magharibi wa Abuja, na majirani zangu wengi ni hao hao unaowauliza. Kubwa yenyewe ni mahali ambapo familia za Wagbagyi zilihamishiwa kutoka eneo ambalo leo ni Maitama, mtaa wa balozi na nyumba za wakubwa. Nitajibu yale ninayoyaona kila siku, na historia niwaachie wenye historia.

Jina ni Wagbagyi. Wapo pia ndugu zao wanaojiita Wagbari, na lugha zao mbili zinakaribiana sana. "Gwari" ni jina walilopewa na Wahausa, likaingia kwenye mafaili na ramani za Waingereza, na kutoka hapo kwenye vitabu vya shule. Utaliona bado katika majina ya mahali, kama mtaa wa Gwarinpa hapa Abuja na mji wa Birnin Gwari katika jimbo la Kaduna, na majina hayo uyaache yalivyo kwa kuwa ndiyo yanayotumika kwenye mabango na hati. Lakini unapomtaja mtu, mwite Mgbagyi. Wapo wazee wanaolitumia jina la zamani bila kinyongo, na ni haki yao. Mgeni hana haki hiyo.

Tatizo la jina hilo halikuishia kwenye asili yake. Katika Kihausa cha mitaani limepanuka hadi likawa na maana ya mtu yeyote anayeivunjavunja lugha hiyo. Ofisini utamsikia mtu akimwita Mtiv au Mwigbo "Bagwari" kwa sababu amekosea kitenzi, na wote wakacheka, ilhali Mgbagyi aliyeketi meza ya tatu anainamisha macho kwenye karatasi zake. Yeye hakukosea chochote siku hiyo, ila jina la bibi yake limefanywa kipimo cha ujinga mbele yake. Jambo hili linanigusa, na ningeomba lielezwe wazi katika kijitabu chako kuliko hata habari za usafiri, kwa sababu mgeni akijifunza maneno yake ya kwanza ya Kihausa atalikuta neno hili mapema na kulirudia akidhani ni mzaha usio na madhara.

Na hilo kosa lenyewe la lugha lina sababu iliyo wazi. Kihausa ni lugha ya ukoo wa Kiafrika-Kiasia, pamoja na Kiarabu na Kiamhara, na kila nomino yake ya umoja ni ya kiume au ya kike. Kigbagyi ni cha ukoo wa Nijeri-Kongo, ukoo uleule mpana ambao una Kiswahili ndani yake, na hakina mgawanyo huo wa jinsia. Mgbagyi anayejifunza Kihausa ukubwani hujikwaa palepale ambapo mimi nilijikwaa na ambapo wauguzi wako wa kutoka Mbeya na Kakamega watajikwaa. Kwa kipimo cha mtaani, sisi sote tungeitwa kwa jina hilo.

Kuhusu mizigo, ni kweli kabisa kwamba desturi yao ni kubeba begani. Mwanamke wa Kigbagyi hubeba mtungi wa maji, kibuyu au mzigo mrefu wa kuni juu ya bega, mara nyingi mtoto akiwa mgongoni, na hutembea hivyo mwendo mrefu kwa mizani inayostaajabisha. Maelezo wanayoyatoa wao wenyewe ni kwamba kichwa ndicho mtawala wa mwili, ndicho kinachobeba macho, masikio na akili, na kwa hiyo hakistahili kufanywa jukwaa la mzigo. Unaweza kukubali au kutokubali hoja hiyo, lakini ni hoja, na inatoka katika kuheshimu fikra. Mwandishi wako ameligeuza jambo hilo likawa ukaidi kwa sababu alikuwa anawatazama kwa jicho la majirani wanaobeba kichwani. Angekuwa amekaa upande wa pili, angeandika kwamba wale wengine hawaviheshimu vichwa vyao.

Mwalimu wa Historia, Morogoro

Nashukuru kwa maelezo hayo. Naomba niongeze kwamba karibu kila kebehi iliyomo katika mistari ile ina tarehe yake, na kila moja ilimfaa mtu fulani wakati ilipotungwa.

Baada ya jihadi ya Usman dan Fodio, mwanazuoni wa Kifulani, kuanza mwaka 1804, ufalme wa Kihausa wa Zazzau, ambao makao yake yalikuwa Zaria, uliangukia mikononi mwa Wafulani. Watawala wake wa zamani wakakimbilia kusini, katika nchi ya Wagbagyi na Wakoro, na mwaka 1828 wakaanzisha huko mji walioupa jina la Abuja. Wagbagyi wenyewe hawakuwa na dola moja kubwa. Waliishi katika vijiji na miji midogo iliyojitawala, mingi ikiwa juu ya vilima au chini ya miamba mikubwa ambayo ni rahisi kuilinda, na katika karne hiyo ya 19 wakawa windo la wavamizi wa watumwa. Uvamizi uliotoka Kontagora, dola jirani iliyokuwa chini ya Umaru Nagwamatse na baadaye mwanawe Ibrahim, uliacha maeneo makubwa bila watu, na haukukoma hadi Waingereza walipoiteka Kontagora mwaka 1901.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa sana kilichofuata, kwa sababu pwani yetu inalo neno "washenzi", ambalo watu wa mijini waliwaita watu wa bara katika zama zilezile ambazo misafara ilikuwa ikiwaleta watu hao wakiwa na minyororo. Anayekuteka huhitaji kwanza kukushusha. Mtu wa kilimani asiyejua lugha ya soko wala dini ya mji akageuka kuwa mfano wa ushamba, na kile ambacho kwake kilikuwa akili ya kujihami, yaani kukaa mbali na njia kuu na kutomwamini mgeni, kikaandikwa kuwa ni woga na ukorofi. Waingereza walipokuja hawakulisahihisha jambo hilo. Walitawala kaskazini mwa Nigeria kupitia kwa maemiri, yaani watawala wa Kiislamu wa huko, wakawaweka Wagbagyi wengi chini ya watawala walewale waliokuwa wakiwavamia, na katika kumbukumbu zao wakawaorodhesha kwa jumla miongoni mwa wapagani.

Sasa tuje kwenye madai ya ardhi, ambayo kwangu ndiyo mabaya kuliko yote yaliyomo katika sura hiyo. Wagbagyi hawakuiachia Abuja, wala hawakuiuza. Mwaka 1975 serikali ya kijeshi ya Murtala Mohammed iliunda kamati chini ya Jaji Akinola Aguda kutafuta mahali pa kujenga mji mkuu mpya badala ya Lagos. Kamati ilipendekeza eneo la katikati ya nchi lenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 8,000, na moja ya sifa zilizolipendekeza ni kwamba lilikuwa na watu wachache na halikuwa chini ya himaya ya kabila lolote kubwa. Februari 1976 amri ikatolewa, eneo likakatwa kutoka majimbo ya Niger, Plateau na Kwara, na ardhi yote ikawa mali ya serikali ya shirikisho. Hata jina lilichukuliwa: mji wa zamani wa Abuja ulibadilishwa ukaitwa Suleja ili jina lake lipewe mji mpya.

Katika hotuba na magazeti ikazoeleka kusema kwamba hiyo ilikuwa ardhi isiyo na mwenyewe. Nia ilikuwa nzuri kwa upande mmoja, kwa kuwa nchi iliyotoka vitani mwaka 1970 ilihitaji mji ambao Mhausa, Mwigbo na Myoruba wasingeuita wa mwenzake. Lakini ili ardhi isiwe ya kabila lolote kati ya yale makubwa matatu, ilibidi waliokuwa wakiilima wasihesabiwe. Mpango wa kwanza ulikuwa kuwahamisha wakazi wote nje ya eneo hilo na kuwalipa. Ilipobainika kwamba watu walikuwa wengi kuliko ilivyodhaniwa na gharama ingekuwa kubwa, sera ikabadilika, na waliotaka kubaki wakaruhusiwa kubaki hadi siku ambayo mahali pao pangehitajika kwa ujenzi. Chini ya Sheria ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 1978, anayeondolewa hulipwa kwa mazao, nyumba na vitu alivyoviweka juu ya ardhi, si bei ya ardhi yenyewe.

Mkulima wa viazi vikuu na mtama ambaye shamba lake limekuwa barabara ya njia nane atafanya nini? Atauza kuni na kufanya vibarua kwa wale waliohamia. Kisha mgeni anafika, anamwona kando ya barabara na mzigo wake wa kuni, na kuandika kwamba hiyo ndiyo kazi anayoiweza.

Serikali ilihamia rasmi tarehe 12 Desemba 1991. Hadi leo Eneo la Mji Mkuu halina gavana wala bunge la jimbo. Linaongozwa na waziri anayeteuliwa na rais, lina halmashauri sita, na linamchagua seneta mmoja wakati kila jimbo linachagua watatu. Wenyeji wamekuwa wakilalamika kwa miaka mingi kwamba wao ni raia wasio na jimbo lao, katika nchi ambayo nafasi za kazi serikalini hugawanywa kwa kufuata jimbo la asili la mtu.

Mzee wa Tanga

Nimesoma yote kwa utulivu, na naheshimu elimu ya waliotangulia. Hata hivyo naomba nitie neno. Je, hatulikuzi jambo? Sisi tuna watani. Wanyamwezi na Wazaramo wametaniana tangu zama za misafara, kwa maneno makali kuliko hayo, na hakuna aliyeandika malalamiko. Nigeria ina makabila zaidi ya 250, yasipotaniana yataishije? Isitoshe, mgeni asiyeambiwa lolote ataingia gizani. Mimi nikienda ugenini napenda kuambiwa mapema watu wa huko wakoje, hata kama nitaambiwa kwa jumla.

Binti Kisauni

Shikamoo Mzee. Nilisoma Zaria, na swali lako ndilo nililokuwa nikijiuliza nikiwa huko, kwa hiyo nakujibu kwa heshima na kwa kirefu kidogo.

Utani wetu una sheria. Unajua mtani wako ni nani, naye anajua. Akikutukana leo kesho ni zamu yako. Na msiba ukikufika, yeye ndiye anayekuja kufanya kazi za mazishi. Kaskazini mwa Nigeria utani wa namna hiyo upo, na maarufu zaidi ni ule wa Wakanuri na Wafulani, ambao hutupiana maneno mazito kwa furaha pande zote mbili. Hilo silipingi hata kidogo, nililipenda. Lakini kebehi za Wagbagyi hazina pande mbili. Sikuwahi kusikia darasani neno la kumdhihaki msemaji mzuri wa Kihausa kwa jina la kabila lake, na mazungumzo yalipogeuka kuwa mzaha, Mgbagyi ndiye aliyetegemewa acheke ili aonekane ana moyo mwepesi. Rafiki yangu mmoja alifikia hatua ya kujitambulisha kama Mnupe kwa sababu ilimpunguzia maswali. Mtani hajifichi kwa mtani wake.

Kuhusu kuambiwa mapema, nakubaliana nawe Mzee kwamba mgeni anahitaji kuambiwa kitu. Swali ni kitu gani. Chukua ule msemo kwamba Waigbo wanapenda fedha. Ungeweza kumwambia mgeni hivyo, akaenda akimshuku kila mwenye duka. Au ungeweza kumweleza kwamba mwaka 1966 maelfu ya Waigbo waliuawa kaskazini na waliosalia wakakimbilia kwao, kwamba vita ya Biafra, eneo la mashariki lililotaka kujitenga na Nigeria, ilidumu tangu 1967 hadi 1970, na kwamba baada ya vita wenye akaunti za benki upande ulioshindwa walipewa pauni 20 tu bila kujali walikuwa wameweka kiasi gani. Watu waliorudi wakaanza upya kwa mtaji mdogo kabisa, kwa kutegemea utaratibu wao wa zamani ambao kijana humtumikia mfanyabiashara kwa miaka kadhaa na mwishoni huwezeshwa kufungua duka lake mwenyewe. Mgeni aliyeambiwa hivyo atamwelewa jirani yake, na pia atajua kwa nini kuna mambo ya kutoyatania mezani.

Kuna na kebehi ya kinyume, ya kuwafanya watu wengi kuwa mmoja. Ukifika Lagos, kila mtu mwenye kanzu na kofia anaitwa "aboki", neno la Kihausa lenye maana ya rafiki, lakini linatamkwa kwa sauti ya kumwita mlinzi wa geti. Mkanuri, Mfulani, Mhausa na Mgbagyi Mwislamu wote wanaingia humo. Kwa hiyo Mgbagyi huyohuyo aliyechekwa Zaria kwa kutojua Kihausa anachekwa Lagos kwa kuwa Mhausa. Mwandishi wa sura ya nne angefanya jambo la maana kama angeandika hilo tu.

Na wapo Wativ, ambao kwa muda mrefu waliitwa Munshi, jina jingine la kupewa na majirani, hadi Waingereza walipoacha kulitumia. Juu yao kuna uvumi kwamba humpa mgeni mke alale naye, uvumi ambao wao wenyewe wanaukanusha kwa uchungu kila unapotajwa. Ndugu Mhariri, kama umo katika rasimu yako, tafadhali ufute bila hata kuujadili, kwa sababu muuguzi wa kike wa Kitiv ndiye atakayeulizwa maswali hayo zamu ya usiku.

Mzee wa Tanga

Marahaba, mwanangu. Hilo la mtani kutojificha kwa mtani wake nimelipokea. Naondoa hoja ya utani. Ile ya kumwandaa mgeni bado naishikilia, ila sasa naona aandaliwe kwa habari za aina nyingine.

Fundi Vyungu wa Matema

Mimi ni fundi wa vyungu hapa Ziwa Nyasa, kwa Wakisi, na nimeingia katika mjadala huu kwa sababu naona watu wanazungumzia kuni na vibarua, na hakuna aliyemtaja Ladi Kwali.

Alizaliwa yapata mwaka 1925 katika kijiji cha Kwali, ambacho leo ni makao ya moja ya halmashauri zile sita za Eneo la Mji Mkuu, na alijifunza ufinyanzi utotoni kutoka kwa wanawake wa ukoo wake. Wanawake wa Kigbagyi hawatumii gurudumu. Hujenga mtungi kwa kamba nene za udongo zinazopandishwa moja juu ya nyingine, na mtungi ukiwa mkubwa hauzungushwi. Fundi ndiye anayeuzunguka, akitembea kinyumenyume, mkono mmoja ndani na mwingine nje, hadi kuta zinyanyuke kwa unene ulio sawa pande zote. Anayefanya kazi hii anajua ugumu uliopo hapo. Kisha huchora kwa kuchanja: mistari, na ndani yake mijusi, nge, nyoka, samaki na ndege. Mitungi huchomwa uwanjani, kwa kuni na majani makavu, bila tanuri.

Mitungi yake ilikuwa katika kasri la Emiri wa Abuja, yaani Suleja ya leo, wakati mfinyanzi Mwingereza Michael Cardew alipoiona mwaka 1950. Cardew alianzisha kituo cha mafunzo ya ufinyanzi mjini humo, na mwaka 1954 Ladi Kwali akajiunga nacho akiwa mwanamke wa kwanza. Humo alijifunza gurudumu, rangi za kioo na tanuri la moto mkali, lakini mitungi yake mikubwa aliendelea kuijenga kwa mkono kama alivyofundishwa nyumbani, na ndiyo iliyopelekwa kwenye maonyesho ya London na baadaye Marekani. Wenzake wa kituoni walikuwepo pia, akina Halima Audu, Asibi Ido na Kande Ushafa. Mwaka 1977 Chuo Kikuu cha Ahmadu Bello kilimtunuku shahada ya heshima ya udaktari, yeye ambaye hakupitia shule rasmi. Alifariki mwaka 1984, na picha yake akifinyanga iko nyuma ya noti ya naira 20.

Nalisema hili kwa sababu moja. Kila anayemcheka Mgbagyi sokoni kwa kisingizio kwamba hana analolijua, anafungua pochi na kulipia kwa noti yenye sura ya mwanamke wa Kigbagyi. Na ukisoma vibandiko vya mitungi hiyo katika makumbusho mengi ya Ulaya, utakuta kabila lake limeandikwa kwa lile jina la kupewa. Mhariri, tafadhali mwandike, lakini si kama mtu wa ajabu aliyejitokeza peke yake katika watu wasio na kitu. Alitoka katika mkono wa wanawake wengi ambao majina yao hayakuandikwa, na kijiji cha Ushafa, karibu na Bwari, kinajulikana kwa ufinyanzi huo. Hata Bill Clinton alikitembelea Agosti 2000 alipokuwa rais wa Marekani.

Mhariri wa Kinondoni

Nawashukuru nyote, na Shikamoo Mzee wa Tanga, kwa sababu swali lako limenisaidia kujua nini cha kubakiza. Nimeamua kuifuta sura ya nne na kuandika nyingine iitwayo "Majirani zako wa Abuja". Ibara ya kwanza inasomeka hivi:

"Abuja imejengwa juu ya ardhi ya Wagbagyi. Baadhi ya mitaa utakayoipita ilikuwa mashamba na vijiji vyao kabla ya mwaka 1976, na wengi walihamishwa kutoka hapo bila kulipwa bei ya ardhi. Utasikia wakiitwa kwa jina jingine. Wewe waite Wagbagyi. Ukimwona mtu amebeba mzigo begani, ujue ni desturi ya kukiheshimu kichwa. Ukijifunza Kihausa, utasikia jina lao likitumiwa kumcheka anayekosea. Usilitumie, na likitumiwa juu yako, usicheke."

Je, kuna la kurekebisha kabla sijaipeleka kwa mchapishaji?

Mkazi wa Kubwa

Ni nzuri, na nimeisoma kwa sauti kwa jirani yangu, nikimtafsiria. Alisikiliza hadi mwisho, akaomba marekebisho mawili.

La kwanza ni sentensi ya mwanzo. Wagbagyi ndio wengi miongoni mwa wenyeji, lakini hawakuwa peke yao. Walikuwepo pia Wabassa, Wakoro, Wagade, Wagwandara, Waganagana na Waebira, na baadhi ya makundi hayo ni madogo kiasi kwamba hata kebehi hayana, hayatajwi kabisa. Ukiandika kwamba ardhi ilikuwa ya Wagbagyi tu, utakuwa umewafanyia wao yale ambayo Wagbagyi walifanyiwa. Andika "ya Wagbagyi na majirani zao", kisha wataje kwa majina, wote, hata kama mstari utakuwa mrefu.

La pili ni pale unaposema "walihamishwa", kana kwamba jambo hilo limekwisha. Mji bado unapanuka, na vijiji vilivyo pembezoni mwake bado vinasubiri kujua siku yao. Alitaka uandike "wanahamishwa".

Mhariri wa Kinondoni

Nimeyaingiza yote mawili. Mwambie jirani yako kwamba nakala ya kwanza itamfikia, na kwamba kama ana mtu anayeweza kunihakikishia matamshi ya majina hayo saba, ningependa kuyaweka katika kiambatisho pamoja na salamu za kila lugha.